Kukopa si kukopesha: kutenganisha vitenzi vya Kiingereza vinavyokaribiana

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa ushirika wa akiba na mikopo mjini Morogoro. Nimesoma Kiingereza tangu darasa la tatu hadi kidato cha nne, na nikisoma barua ya Kiingereza naelewa karibu kila kitu. Shida yangu ni kuandika. Mwezi uliopita niliwaandikia wafadhili wetu 'we borrowed 40 members money', nikimaanisha kwamba tuliwakopesha wanachama 40, nao wakajibu wakiuliza kwa nini ushirika unakopa kwa wanachama wake. Siku nyingine niliandika 'I will remember you on Friday' na 'she has worn a red dress'. Mwenzangu alinisahihisha lakini hakuweza kunieleza sababu. Nimekariri orodha za vitenzi kutoka kwenye kamusi, ila nikishika kalamu vinanichanganya tena: say na tell, look na watch, win na beat. Je, ipo njia, au nimeshachelewa? Nina miaka 36."

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa barua ile, na hongera kwa kuitaja waziwazi, maana wengi wakishasahihishwa namna hiyo huacha kabisa kuandika na kumwachia mwingine kalamu.

Nikikuelewa vizuri, unaogopa mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kiingereza kina vitenzi vingi vyenye maana moja, na kwamba anayejua kuvichagua amejaliwa sikio ambalo wewe hukujaliwa. La pili ni kwamba umri umekupita. Yote mawili si kweli, na ushahidi umo katika makosa yako yenyewe. Sentensi zako tatu ni Kiswahili safi kilichovikwa maneno ya Kiingereza, na kila kosa lina sababu inayoelezeka. Anayekosea kwa utaratibu husaidika haraka kuliko anayekosea ovyo, kwa sababu utaratibu ukishaonekana unaweza kubadilishwa.

Nianze na orodha ulizokariri, kwa kuwa hizo ndizo zilizokukwamisha. Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kwenye "borrow" utakuta azima na kopa, na kwenye "lend" utakuta azima na kopesha. Neno azima liko pande zote mbili, na kamusi haijakosea, kwa sababu ndivyo tunavyosema. "Niliazima jembe kwa jirani" maana yake jembe lilikuja kwangu. "Jirani aliniazima jembe" maana yake ni hiyohiyo, ila sasa anayetajwa kwanza ni jirani. Kitenzi hakijabadilika. Mwelekeo wa jembe umeonyeshwa na kiambishi -ni- katika sentensi ya pili na neno "kwa" katika ile ya kwanza. Mwenye kukariri kwamba "borrow" ni azima na "lend" ni azima amekariri kwamba maneno hayo ni kitu kimoja, kisha anashangaa yanapomchanganya.

Kiini cha jambo ni hiki. Kiswahili huchukua mzizi mmoja na kuunyambua ili kuonyesha nani anatenda, nani anatendewa na nani anasababisha. Ulijifunza mnyambuliko shuleni: kopa, kopesha, kopeshwa, kopeshana, kumbuka, kumbusha, kumbushwa, kumbushana. Huwazi unapotumia maneno hayo, kwa kuwa kiungo kidogo cha katikati kinakufanyia kazi yote. Kiingereza cha leo, mara nyingi, hakina kiungo hicho. Panapohitajika kubadilisha nafasi za watu katika tendo, huleta kitenzi kingine kabisa, ambacho kwa sura hakina undugu na cha kwanza. Kopa ni "borrow" na kopesha ni "lend". Jifunza ni "learn" na fundisha ni "teach". Macho hayaoni uhusiano wowote hapo, ingawa ni uleule wa kopa na kopesha.

Hapo zamani Kiingereza nacho kilikuwa na kitu kinachofanana na kauli yetu ya kutendesha, na mabaki yake yapo hadi leo katika jozi zinazowasumbua wanafunzi. "Sit" ni kaa, na "set" hapo mwanzo ilikuwa kalisha. "Lie" ni lala, "lay" ni laza. "Fall" ni anguka, na "fell", inayotumika kwa kukata mti, ni angusha. "Rise" ni inuka, "raise" ni inua. Silabi kama yetu ya katikati haionekani tena, na kilichobaki kuonyesha tofauti ni irabu iliyobadilika. Wanafunzi wangu wakishaziona jozi hizi karibu na lala na laza, huacha kuchanganya "lie" na "lay" ndani ya juma moja, wakati wasemaji wengi waliozaliwa na Kiingereza huzichanganya hadi uzeeni. Wewe unayesema "mlaze mtoto" bila kufikiri una msaada ambao wao hawana.

Sasa turudi kwenye barua yako. "Lend" ni ndugu wa "loan", yaani mkopo. "Borrow" inatokana na neno la kale lililomaanisha dhamana, yaani kile anachotoa mtu ili aaminiwe. Kwa hiyo tangu asili "borrow" ni neno la mtu aliyesimama upande wa kuomba, na "lend" ni neno la mwenye mali. Darasani huwaita wanafunzi wawili mbele na kumpa mmoja kalamu. Anainyoosha kwa mwenzake, na wakati kalamu ingali mikononi mwa wote wawili nawaambia wasimame hivyohivyo bila kuiachia. Kisha nauliza: mkono upi unatoa, na mkono upi unapokea? Anayetoa husema "I lend", anayepokea husema "I borrow", na kalamu ni ileile moja. Ndipo nawaruhusu wamalize, na sentensi hukamilika kwa neno dogo: "lend to" kwa kuwa kitu kinaenda, "borrow from" kwa kuwa kitu kinatoka mahali.

Yapo tena mambo ya muundo ambayo mwenzako hakukueleza. "Lend" hukubali kufuatwa na mtu kisha kitu: "we lent 40 members money". "Borrow" haikubali mtu nyuma yake hata kidogo, hukubali kitu tu, na mtu huja baada ya "from". Ulipoandika "borrowed 40 members", msomaji wako alishindwa kuwaweka wale watu mahali pao, akakisia kwamba fedha zilitoka kwao. Ungeweza kusema jambo lilelile kwa njia mbili sahihi: "we lent money to 40 members", au "40 members borrowed money from us". Hesabu ni ileile, ila ya kwanza inauzungumzia ushirika na ya pili inawazungumzia wanachama.

Usidhani lakini kwamba Kiingereza ndicho chenye uangalifu zaidi kila mahali. Sisi tukiazima panga tunarudisha panga lilelile, na tukikopa unga tunarudisha unga mwingine wa kiasi hichohicho. Kiingereza huita yote mawili "borrow". Katika nyumba pia, Kiswahili hutofautisha kupanga na kupangisha, ilhali "rent" inaweza kuwa ya mpangaji au ya mwenye nyumba, na msomaji huamua kwa maneno yanayofuata. Waingereza wana "let" kwa upande wa mwenye nyumba, ndiyo maana kibao cha nyumba ya kupangisha huandikwa "to let". Nayataja haya ili usije ukajenga imani kwamba kila neno la Kiswahili lina jozi yake upande wa pili.

"I will remember you on Friday" ni ndugu wa kosa la kwanza. Ulitaka kumbusha ukaandika kumbuka, kwa kuwa silabi ile ya katikati haikuwa na pa kukaa. "Remember" hutokea ndani ya kichwa cha anayetajwa mwanzoni mwa sentensi. "Remind" hutoka kwa mtu mmoja na kuingia katika kichwa cha mwingine, na ndani yake limo neno "mind", yaani akili: ni kama kusema unamrudishia mtu jambo akilini. Aliyesoma sentensi yako alidhani unamuaga, kwamba ifikapo Ijumaa utamkumbuka kwa mapenzi. Sahihi ni "I will remind you on Friday", na ukitaka kutaja jambo lenyewe unaongeza "about" au "to": "I will remind you about the meeting", "I will remind you to sign". Msamiati huohuo una matumizi moja ya adabu ambayo ni vyema uyajue: "remember me to your mother" maana yake ni nisalimie mama.

Kosa la gauni jekundu ni la aina nyingine, nami naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu sijaona likielezwa vya kutosha mashuleni, na linawakamata hata waliomaliza chuo kikuu. Kwa Kiswahili, ukimwona mtu ana gauni mwilini unasema "amevaa gauni jekundu". Ukimwona bado anaingiza mkono unasema "anavaa". Tendo la kuvaa limekwisha, hali yake inaendelea, na ile -me- inabeba hali hiyo. Tunafanya hivyo kwa vitenzi vingi vya mwili: amelala, amekaa, amesimama, ameshika, amebeba. Shuleni tulifundishwa kwamba -me- ni "has", basi tunaandika "she has worn" kwa uaminifu mkubwa. Lakini kwa Kiingereza "she has worn a red dress" husema kwamba katika maisha yake amewahi kuvaa gauni jekundu, na pengine sasa amevaa jingine. Kiingereza huligawa jambo hili kwa vitenzi viwili: tendo ni "put on", hali ni "wear". Anavaa ni "she is putting on", amevaa ni "she is wearing".

Ukishaelewa hilo, utaona familia nzima. Muuguzi akiandika kwenye faili la mgonjwa "the patient has slept" akimaanisha amelala sasa hivi, daktari atasoma kwamba mgonjwa alipata usingizi na sasa yuko macho. Ilipasa iwe "the patient is asleep" au "is sleeping". Amesimama mlangoni ni "he is standing", anasimama ni "he is standing up", na lile neno dogo la mwisho ndilo linaloonyesha kwamba mwili unabadilika. Ameshika kalamu ni "he is holding", naye anaponyoosha mkono na kuishika utasema "he takes hold of it". Kanuni ninayowapa watu wazima ni moja: kabla ya kuandika "has", jiulize kama -me- yako inasimulia jambo lililopita au inaelezea unachokiona mbele yako. Ikiwa unakiona, tafuta kitenzi cha hali.

Kwa "say" na "tell" una bahati, kwa sababu Kiswahili kina jozi ileile. Sema haihitaji mtu: "alisema kwamba fedha zimefika". Ambia haiwezi kusimama bila mtu: "aliniambia kwamba fedha zimefika", na hakuna anayesema "aliambia kwamba". Basi "say" ni sema na "tell" ni ambia. Tena kwetu "alinisema" ina maana nyingine kabisa, alinigombeza au alinisengenya, kwa hiyo sikio lako tayari linajua kwamba sema na mtu hazikai pamoja hivi hivi. "He said me" inapaswa kukukwaruza kama inavyokukwaruza "alinisema kwamba fedha zimefika". Ukitaka kumtaja mtu baada ya "say", weka "to". Yapo machache ambamo "tell" huenda bila mtu, kama "tell the truth", "tell a lie" na "tell a story". Kwa kuwa unafanya kazi ya fedha, itakusaidia kujua kwamba zamani "tell" ilimaanisha kuhesabu, na ndiyo sababu karani wa dirishani benki huitwa "teller": ni mhesabuji. Kusimulia ni kuhesabu mambo moja baada ya jingine kwa msikilizaji. "Speak" na "talk" hukaribiana zaidi. Lugha huwa ni "speak" daima, kama "I speak Kiswahili", na mazungumzo ya watu wawili barazani ni "talk".

"See", "look" na "watch" nitazipitia upesi. Ona ni "see", huja yenyewe macho yakiwa wazi. Tazama au angalia kwa kukusudia ni "look at". Ukikitazama kitu kwa muda kwa sababu kinasogea au kinaweza kubadilika, kama mpira, filamu au mtoto anayecheza karibu na jiko, hiyo ni "watch". Sikia na sikiliza zinalingana na "hear" na "listen", ila tahadhari, kwa sababu sikia yetu ni pana mno. Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, na mtoto mkaidi tunasema hasikii. Kiingereza hugawa hayo yote: baridi na njaa ni "feel", harufu ni "smell", na mkaidi "does not listen".

Kuhusu "win" na "beat", tazama kinachokaa nyuma ya kitenzi. "Win" hufuatwa na kitu kinachopatikana au shindano lenyewe: mechi, kombe, uchaguzi, tuzo. "Beat" hufuatwa na aliyeshindwa. "Simba beat Yanga" ni Simba imeifunga Yanga; "Simba won Yanga" ingemaanisha kwamba Yanga yenyewe ndiyo ilikuwa zawadi. Shinda yetu hubeba yote mawili bila shida, "walishinda mechi" na "waliwashinda wenzao". Ndivyo ilivyo pia kwa wizi. "Steal" hufuatwa na kitu kilichoibwa, "rob" hufuatwa na mtu au mahali palipoibiwa. Sisi tunatofautisha kwa iba na ibia. Anayeandika katika taarifa ya polisi "my neighbour was stolen" ameandika kwamba jirani amechukuliwa, na taarifa kama hiyo huleta maswali ambayo mwenye shida hana muda nayo.

Zipo jozi nyingine ambazo sikushauri uzipotezee usingizi. "Begin" na "start", "shut" na "close" mara nyingi hubadilishana bila madhara, isipokuwa katika semi chache. Injini ya gari, kwa mfano, "you start it", wala huwezi kui-"begin". Nguvu zako zitie katika jozi ambazo kuzikosea kunabadilisha nani alimfanya nani nini.

Umeuliza njia. Kukariri orodha nimekueleza kasoro yake: orodha inakupa neno bila majirani zake. Programu za tafsiri za simu zina manufaa, nami siwakatazi wanafunzi kuzitumia, lakini hukupa jibu bila sababu, na hutatanika palepale ambapo Kiswahili hakikusema kila kitu, kama katika azima. Zitumie kukagua baada ya kuandika mwenyewe. Kamusi ya Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza ni bora zaidi, kwa sababu inaonyesha kila kitenzi hufuatwa na nini. Mwingereza A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani, aliona kwamba wanafunzi wake walijua maana za maneno ila hawakujua namna ya kuyaunganisha. Kamusi aliyoitunga na wenzake ilitoka Tokyo mwaka 1942, na miundo ya vitenzi ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wake. Kamusi za aina hiyo za leo zimefuata njia ileile. Ukiifungua, ruka maana kwanza na usome mifano.

Lakini kinachowasaidia zaidi watu wa umri wako ni daftari la sentensi zao wenyewe. Kila jozi ipe ukurasa wake. Juu andika sentensi ya Kiswahili kutoka kazini kwako, kitu kilichotokea kweli, na chini yake andika Kiingereza kwa pande zote mbili: upande wa ushirika na upande wa mwanachama. Mstari uchore chini ya kitenzi pamoja na neno linalokifuata, kwa sababu hayo mawili ni kitu kimoja. Isome kwa sauti. Jozi moja kwa siku mbili inatosha. Kuhusu miaka 36, mtoto hujifunza haya kwa kusikia tu, na hilo humchukua miaka. Wewe una mnyambuliko kichwani na unaweza kuelewa sababu kwa jioni moja. Kitakachochukua muda ni mkono kuzoea.

Yapo mambo mawili ambayo jibu la maandishi halitoshi. Ikiwa baada ya miezi miwili mitatu ya daftari bado makosa ni yaleyale, tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana na umwandikie barua mbele yake, akitazama unasita wapi, kwa kuwa pengine kikwazo ni nyakati za vitenzi na si vitenzi vyenyewe, na hilo halionekani katika barua iliyokwisha kuandikwa. La pili lina uzito zaidi. Mkataba wowote wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza una "lender", yaani mkopeshaji, "borrower", yaani mkopaji, na mara nyingi "guarantor", yaani mdhamini. Ushirika wako ukipokea fedha za wafadhili kama mkopo, utakuwa "borrower" katika karatasi moja, na siku hiyohiyo ukawa "lender" katika karatasi za wanachama. Kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, mpelekee mwanasheria, na mkae naye mezani mkipitia kila mahali palipoandikwa maneno hayo matatu.

Na wafadhili waandikie tena wiki hii, kwa ufupi, bila kujitetea: "We lent money to 40 members. They will repay it to us." Umeandika "to" mara mbili, na kila mara fedha zinakwenda kule unakokusudia.